Faili Kwanza, Kisu Baadaye: Kupata Kibali cha Bima kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito Marekani

Mtu wa bima atakayeamua kama utafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hatakuona hata siku moja. Hatajua magoti yanavyokuuma ukipanda ngazi, wala sindano za sukari unazojichoma kila siku. Kitakachomfikia ni faili lako. Likiwa na kila kitu alichotaka, anapitisha. Likipungukiwa na karatasi moja, linarudi, na wewe unakaa miezi mingine ukisubiri. Kwa hiyo kama unaishi Marekani na umeshaamua, anza na faili, hata kabla ya kumwona daktari wa upasuaji.

Bima yako inalipia au hailipii?

Kila mpango wa bima ya afya una karatasi inayoitwa Summary of Benefits and Coverage. Iko kwenye akaunti yako ya mtandaoni, au iombe kwa HR kazini kwako. Ni haki yako kupewa, na ni bure. Fungua kurasa za mwisho. Utakuta visanduku viwili. Kimoja kinataja huduma ambazo mpango haulipii, kingine kinataja huduma nyingine ambazo mpango unalipia. Tafuta maneno "bariatric surgery", uone yamewekwa wapi.

Yakiwa kwenye kisanduku cha huduma zisizolipiwa, simama hapo kwanza. Usianze kuhangaika na vipimo. Rufaa humsaidia mtu ambaye bima yake inalipia upasuaji ila imesema hajatimiza masharti. Huduma ikiwa imeondolewa kabisa kwenye mkataba, barua ya daktari, hata iwe nzuri vipi, ni vigumu sana kuirudisha.

Lakini una njia nyingine. Angalia bima ya mume au mke wako. Muulize HR kama kuna mpango mwingine unaoweza kuhamia wakati wa kujiandikisha upya. Ukinunua bima mwenyewe kupitia HealthCare.gov, usajili hufunguliwa tarehe 1 Novemba, na kila jimbo lina utaratibu wake. Yako majimbo ambayo mipango yake lazima ilipie upasuaji huu, na yako ambayo hayalazimishi. Kama una Medicaid, majimbo mengi hulipia, kwa masharti ya kila jimbo. Mzazi wako aliye kwenye Medicare naye ana nafasi: awe na BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 35 au zaidi, awe na ugonjwa angalau mmoja unaotokana na unene, na awe alishajaribu matibabu ya kupunguza uzito bila mafanikio.

Usidanganywe na kadi. Wewe na jirani yako mnaweza kubeba kadi za kampuni moja, yeye akapasuliwa na wewe ukakataliwa. Waajiri wengi wakubwa hulipa matibabu kwa fedha zao wenyewe, na kampuni ya bima inashughulika na makaratasi tu. Mwajiri ndiye anayechagua kilichomo na kisichomo. Angalia mkataba wako, maneno ya jirani yaache kibarazani.

Ukishajua inalipia, omba waraka wa masharti. Wao wanauita "medical policy" ya bariatric surgery, na kampuni nyingi zimeuweka wazi mtandaoni. Uchapishe. Kila sharti lipigie mstari, na pembeni uandike tarehe uliyolitimiza na karatasi inayothibitisha. Waraka huo ndio mtihani wenyewe, na umepewa maswali mapema.

Kisha piga simu namba iliyo nyuma ya kadi. Uliza hivi: BMI ngapi inatakiwa? Magonjwa gani yanahesabika? Natakiwa kuhudhuria mpango wa kupunguza uzito miezi mingapi, na lazima iwe mfululizo? Mnahesabu uzito wa siku gani, wa mwanzo wa mpango au wa siku ya maombi? Hospitali lazima iwe na ithibati maalumu? Andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Bila namba, mazungumzo hayo hayapo.

Hilo swali la uzito wa siku gani lina uzito wake. Kuna watu hupunguza kilo chache kwenye mpango, wakateremka chini ya kiwango, wakaingiwa na hofu na kuanza kula ili wapande tena. Usifanye hivyo. Bima nyingi huhesabu uzito ulioanza nao, na baadhi hukataa aliyeongezeka. Omba jibu la maandishi, ulale usingizi wako.

Lugha na majina

Kama Kiingereza cha hospitali kinakushinda, omba mkalimani. Ni bure, na sheria inazikataza hospitali na bima zinazopokea fedha za serikali kuu kukuambia ulete wako. Usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo. Kuna maswali ya pombe, huzuni na ndoa ambayo mtoto hapaswi kuyatafsiri. Na kama umetoka Bukavu au Uvira, mkalimani akawa na Kiswahili cha Mombasa na hamwelewani, sema. Wana wengine.

Kagua majina. Wengi wetu tuna jina la baba mahali ambapo fomu inataka jina la ukoo, na wengi waliokuja kama wakimbizi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Kama karatasi za kliniki ya Nairobi zinasema hivi na kadi ya bima inasema vile, mwombe daktari aandike mstari mmoja kwamba huyo ni mtu mmoja. Karatasi isiyolingana na kadi huwekwa kando.

Karatasi za nyumbani usizitupe. Baadhi ya bima hutaka historia ya uzito ya miaka kadhaa. Kadi ya kliniki ya sukari ya Dar es Salaam, au makaratasi ya uchunguzi wa afya uliofanyiwa kabla ya kusafiri, yanaweza kuwa na uzito wako wa miaka hiyo. Zipeleke kwa daktari wako ziingizwe kwenye rekodi.

Vipimo vinavyofungua mlango

Masharti ya bima nyingi yanatokana na mapendekezo ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ya mwaka 1991: BMI ya 40 au zaidi, au BMI ya 35 au zaidi ukiwa na ugonjwa mkubwa unaohusiana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, vilitoa mwongozo mpya. Vinapendekeza upasuaji kuanzia BMI ya 35 hata bila ugonjwa mwingine, na ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari cha aina ya pili. Bima nyingi bado ziko kwenye masharti ya zamani. Andaa faili lako kwa masharti ya bima yako, na mwongozo wa 2022 uuweke akiba ya rufaa.

Simamia kipimo cha urefu. Watu wote wanaangalia mizani, kumbe urefu nao unaamua. Mtu mwenye ratili 211 na urefu wa inchi 65 ana BMI ya 35.1. Huyohuyo akiandikwa inchi 66, BMI inashuka hadi 34. Amepoteza nafasi kwa inchi moja, na inchi moja ni unyayo wa kiatu au kilemba kichwani. Vua viatu, fungua kilemba, simama wima, na angalia wanachoandika. Kama leseni yako au rekodi ya zamani ina urefu mwingine, mwombe daktari akupime upya na aandike kwamba amekupima mwenyewe.

Hakikisha neno unene limeandikwa. Daktari anaweza kukutibu presha miaka mitano na asiandike hata mara moja kwamba una obesity. Fungua muhtasari wa ziara yako ya mwisho usome orodha ya magonjwa. Tangu Oktoba 2024 kuna namba mpya za utambuzi: E66.812 kwa unene wa daraja la pili na E66.813 kwa unene wa daraja la tatu. Pamoja nazo huja namba ya BMI inayoanza na Z68. Kama hazipo, mwambie daktari wako azitie. Ni kazi ya dakika moja kwake.

Kila ugonjwa uwe na ushahidi wake. Sukari ithibitishwe na kipimo cha A1c na orodha ya dawa. Presha iwe na vipimo vya siku tofauti na dawa unazomeza. Magoti yawe na eksirei. Kusema tu "nina presha" hakutoshi.

Usingizi usiupuuze. Kukatika kwa pumzi usingizini ni moja ya magonjwa yanayohesabika kwenye bima nyingi, na kwetu mara nyingi hakupimwi. Mtu anakoroma nyumba nzima isikie, anaamka na kichwa kizito, anasinzia kwenye taa nyekundu, halafu anasema ni shifti mbili. Omba kipimo cha usingizi. Siku hizi mara nyingi unapewa kifaa kidogo ukalale nacho nyumbani kwako. Ukikutwa na tatizo hilo, mara nyingi utapewa mashine ya CPAP ya kukusaidia kupumua usingizini. Itumie, maana inarekodi saa ulizolala nayo, na daktari wa nusukaputi atataka kuona unatibiwa kabla ya kupewa dawa ya kulalia siku ya upasuaji.

Miezi ya kusimamiwa

Hapa ndipo mafaili mengi hufia. Bima nyingi hutaka uhudhurie mpango wa kupunguza uzito chini ya daktari au mtaalamu wa lishe kwa miezi 3 hadi 6. Chama cha ASMBS chenyewe kimepinga sharti hili kwa sababu linachelewesha matibabu bila faida iliyothibitishwa. Nakubaliana nacho kabisa. Lakini kama liko kwenye mkataba wako, litimize kwa ukamilifu, maana kubishana nalo kutakula muda mrefu kuliko miezi yenyewe.

Kama sharti linasema mfululizo, maana yake ni kila mwezi bila kuruka. Ukikosa mwezi mmoja unaweza kurudishwa mwanzo. Kwa hiyo kama una safari ya nyumbani Desemba au harusi ya mdogo wako Mombasa, piga hesabu kabla ya kuanza. Safari ya wiki tatu inawezekana: nenda kliniki siku za kwanza za mwezi kabla ya kuondoka, na ukirudi ingia mwezi unaofuata. Safari ya miezi miwili, anza mpango ukisharudi. Miadi yote iandikishe siku ya kwanza, ya miezi yote, na uiweke mapema mwezini ili theluji au mtoto mgonjwa asikutoe kwenye ratiba.

Kila ziara iache karatasi iliyojaa. Usitoke mlangoni kabla hujaona vitu hivi: tarehe, uzito, BMI, ulichoshauriwa kuhusu chakula, ulichoshauriwa kuhusu mazoezi, na sahihi. Karatasi inayosema "mgonjwa yuko sawa, arudi mwezi ujao" haina thamani kwa bima. Inayosema "ratili 247, BMI 41.1, tumezungumza kuhusu kupunguza soda na wanga, anatembea dakika 20 mara nne kwa wiki, tutafuatilia protini" inapita. Ukiona pengo, liseme papo hapo: "Bima yangu inataka mazoezi yaandikwe pia, tafadhali."

Mtaalamu wa lishe huenda hajawahi kuona ugali. Mwonyeshe. Piga picha ya sahani yako kabla ya kula, weka kijiko pembeni aone ukubwa. Andika kwenye daftari chapati mbili, chai ya maziwa na vijiko vyako vya sukari, sambusa za jioni, na wali uliobaki uliokula saa 5 usiku ukitoka kazini. Usimfichie. Akijua unachokula kweli atakupangia kitu unachoweza kufuata, na maandishi yake yatakuwa na uzito. Ukifunga Ramadhani mwambie mapema, mpange daku na futari pamoja, na ziara ya mwezi huo ifanyike kama kawaida.

Orodhesha pia majaribio ya zamani. Vidonge, sindano za kupunguza uzito, uanachama wa gym, programu za kulipia, mlo wa kukata wanga. Andika mwaka, muda uliofuata, uzito ulioshuka na uliorudi. Risiti yoyote uliyonayo iweke.

Tathmini ya kisaikolojia nayo iko kwenye masharti ya bima nyingi, na watu wetu huiogopa bure. Huyo mtaalamu anataka kujua kama unaelewa upasuaji ni nini, kama unakula kwa huzuni, kama pombe ni tatizo, na nani atakuwa nawe nyumbani baadaye. Mwambie ukweli. Kuwa na msongo wa mawazo au kumbukumbu za vita hakukufungii mlango, na ukiwa unatibiwa andika hivyo. Kinachochelewesha ni tatizo lisilotibiwa.

Na acha tumbaku na nikotini sasa hivi. Sigara, ugoro, kuberi, vape. Shisha ya Jumamosi nayo ni tumbaku. Programu nyingi za upasuaji zinapima damu au mkojo kutafuta nikotini, na ukikutwa nayo tarehe yako inasogezwa.

Siku ya kupeleka maombi

Ofisi ya daktari wa upasuaji ndiyo hupeleka ombi la kibali, na ina mratibu wa bima. Mjue kwa jina. Kabla hajatuma, omba kusoma barua ya daktari inayoeleza kwa nini unahitaji upasuaji huu. Iwe na historia ya uzito wako, magonjwa na dawa zake, majaribio yaliyoshindwa, na aina ya upasuaji. Linganisha na ule waraka wako wenye mistari. Kila sharti liwe na jibu ndani ya barua au kwenye kiambatisho.

Angalia namba ya upasuaji. Upasuaji wa aina ya sleeve kwa njia ya matundu madogo ni 43775. Aina ya bypass ya kawaida kwa njia hiyohiyo ni 43644. Kama mmekubaliana sleeve na fomu inasema nyingine, kibali kitakachotoka hakitakusaidia.

Weka nakala ya kila kitu, karatasi na picha kwenye simu. Faksi hupotea. Baada ya siku chache piga simu bima, uliza kama wamepokea na kurasa ngapi. Kama mlituma 64 na wamepokea 40, mwambie mratibu siku hiyohiyo.

Wakikataa

Usilie, soma. Sheria inawataka waandike sababu, na sababu ndiyo inayokuambia la kufanya. "Hakuna ushahidi wa mwezi wa nne" ni karatasi iliyokosekana, mara nyingi inatatuliwa kwa kuituma. "Si lazima kitabibu" ni ubishi wa madaktari, na hapo daktari wako aombe mazungumzo ya peer-to-peer na daktari wa bima. Mwombe afanye haraka, kwa sababu bima nyingi hutoa siku chache tu za mazungumzo hayo. Wakati mwingine simu moja ya namna hiyo humaliza kesi.

Kwa bima nyingi za kazini na za kununua, una siku 180 tangu upate barua kukata rufaa ya ndani. Kwa huduma ambayo hujaipata bado, wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Omba pia faili lao lote la kesi yako, wanaliita "claim file". Ni bure. Humo utaona nani alisoma na alisoma nini, na wakati mwingine utakuta nusu ya karatasi zako hazikufunguliwa.

Barua ya rufaa iwe fupi. Isiwe kilio, iwe majibu. Kwa mfano: "Barua yenu inasema sijatimiza miezi 6 mfululizo. Kiambatisho cha 1 kina ziara sita, kuanzia Februari hadi Julai, kila moja ikiwa na uzito na sahihi. Barua yenu inasema hakuna ugonjwa unaohusiana. Kiambatisho cha 2 ni kipimo cha usingizi. Kiambatisho cha 3 ni matokeo ya A1c na orodha ya dawa." Lugha yao, aya yao, jibu lako, ushahidi wako. Hapa ndipo mwongozo wa 2022 unapoingia, uambatanishe.

Wakikataa tena, nenda nje. Uhakiki wa nje hufanywa na watu wasio wa bima hiyo. Kwa kawaida una miezi 4 tangu uamuzi wa mwisho wa ndani kuuomba, na uamuzi hutoka ndani ya siku 45. Wakisema ulipiwe, bima inabanwa na uamuzi huo. Watu wengi wanachoka kabla ya kufika hapa. Wewe fika. Medicaid na Medicare zina njia na muda wao wa rufaa, umeandikwa kwenye barua ya kukataa, usiupitishe.

Kibali kikitoka

Soma tarehe ya mwisho. Kibali kina muda wake, na siku yako ya upasuaji lazima iwe ndani yake. Hakikisha hospitali na daktari wote wako kwenye mtandao (network) wa bima yako. Kwa daktari wa nusukaputi, sheria ya No Surprises Act iliyoanza 2022 inakulinda usitumiwe bili ya kushtukiza ukiwa kwenye hospitali ya mtandao, lakini daktari wa upasuaji mhakiki mwenyewe.

Uliza utalipa nini mfukoni, na uangalie kalenda. Kiasi unachotakiwa kulipa kwanza kabla bima haijaanza kuchangia, kwa mipango mingi, huanza upya tarehe 1 Januari. Kama mwaka huu umeshakimaliza kwa vipimo na dawa, tarehe ya Desemba itakuokolea fedha nyingi kuliko ya Januari.

Usibadili kazi katikati. Bima ikibadilika, kibali cha zamani hakikufuati, na mpya inaweza kutaka miezi yake yenyewe. Kama ofa nzuri imekuja, omba kuanza baada ya upasuaji, au kwanza soma Summary of Benefits and Coverage ya mwajiri mpya.

Na kazini, kama mwajiri wako ana wafanyakazi 50 au zaidi na umefanya kazi hapo miezi 12 na saa zisizopungua 1,250, kwa kawaida una haki ya likizo ya FMLA hadi wiki 12 bila kupoteza kazi wala bima. Haina mshahara. Fomu yake hujazwa na daktari, na taarifa hutolewa siku 30 kabla inapowezekana, kwa hiyo mpelekee daktari fomu siku ileile unayopangiwa tarehe.